Daktari wa Ganzi na Benchi la Mama Wakwe

Hakuwahi kunisifu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi ndilo lililonifanya nimnunie, na leo ndilo linalonisuta kuliko mengine yote. Nilikuwa mkunga msaidizi wa daktari huyu katika hospitali moja hapa Rusizi, magharibi mwa Rwanda. Niliwashika akina mama mabega akiwachoma sindano ya mgongo, nikawafuta jasho, nikajifunza kusoma uso wake juu ya barakoa, na sikusikia hata siku moja akisema nimefanya vizuri. Akiridhika sana alisema, "Tuendelee." Hata mashine ya kupimia presha aliiambia hivyo hivyo.

Kwa wanaopasuliwa alikuwa daktari wa usingizi kama madaktari wengine wa usingizi. Kilichomnyima raha ni uchungu wa uzazi. Alitaka mwanamke wa huku kwetu, mbeba mizigo au mkulima wa mpunga, apate ile sindano ambayo wenye hela huko mijini huiomba: kimrija chembamba kama uzi kinapitishwa mgongoni, dawa ya ganzi inaingia kidogo kidogo, tumbo linatulia, na mama anabaki macho kabisa akimsubiri mwanawe. Akina mama walimwita Maman Ganzi. Mbele yake tulisema Maman Docteur, na akigeuka tu, Daktari wa Ganzi.

Alikuwa mfupi, na kitanda chetu cha kujifungulia kilikuwa kimekwama juu tangu enzi za wafadhili. Basi alitembea na kigoda chake cha mbao, na ole wako ukikikalia. Alilelewa Bukavu, ng'ambo ya pili Congo, kama wengi waliorudi baadaye, na Kinyarwanda chake kilikuwa na vumbi la Congo mpaka wagonjwa wakacheka katikati ya uchungu. Akikasirika alikimbilia Kimashi, lugha ya huko Bukavu ambayo alidhani siielewi. Niliielewa vizuri sana, na kwa heshima yake sitayarudia aliyoyasema.

Jumamosi alipenda kushuka mpaka penye daraja la mpaka, Rusizi ya Kwanza, kununua sambaza. Ukweli ni kwamba alikwenda kutazama migongo. Wanawake walikuwa wanavuka na magunia na mabeseni, na yeye anasimama pembeni na vile visamaki vyake vinatota mfukoni, akiwapima kwa macho.

"Ona ule," ananiambia. "Ule mgongo ni mzuri, mifupa inajionyesha yenyewe. Sindano ingeingia tu bila kutafuta." Kisha anamfuata mwenye mgongo. "Maman, mgongo unasema nini leo?"

"Haiko na shida, docteur."

"Na hili gunia?"

"Ni ya kawaida."

Alirudi kwangu akitikisa kichwa. "Hawa banamuke bote habana shida. Sasa mimi ninafanya kazi ya nini?"

Nilicheka. Mimi ni mzaliwa wa Butare, na kabla hujaniuliza, si ile Butare ya wasomi na chuo kikuu, ni hii Butare yetu ya huku Rusizi, ya mihogo na maharage. Huko kwetu "haiko na shida" ni salamu. Sikuona cha ajabu.

Basi mwanamke huyu, aliyechoma migongo ya watu asubuhi hadi jioni, alikuwa mwoga wa sindano kupindukia. Siku tulipochanjwa wafanyakazi wote tulimkuta stoo akihesabu glavu ambazo zilikuwa zimeshahesabiwa. Jino lilipomsumbua alikubali ling'olewe bila ganzi, kwa sababu hakutaka ile sindano ya fizi. Aliyemng'oa alituambia baadaye kwamba hakutoa hata mguno. Tulimtania mwezi mzima, naye akatununia mwezi mzima. Nililichukua hilo kama kichekesho na kulisahau.

Kabla ya kuchoma alisali, sala fupi mno, midomo tu. Kijana mmoja wa mafunzo alimuuliza kama anasali kwa kuwa hana uhakika. Akamjibu, "Mungu iko na mikono mingi. Mimi niko na mbili, na moja inatetemeka." Kisha alikifumbata kichupa cha dawa kiganjani mpaka kikapata joto, maana dawa baridi humshtua mama, akapanda kigoda chake. Mkono haukutetemeka kamwe.

Dawa zake alizizungumzia kama mtu anayesengenya majirani. Tulikuwa tunakunywa chai nyuma ya wodi, kule unakoliona ziwa likiwa limelala chini ya Cyangugu, naye anaanza.

"Lido," alisema, yaani lidokaini, "anakuya mbio. Anapiga hodi na kuingia pamoja. Lakini hujamaliza kumutilia chai ameshaaga, na mama anaanza kulia upya. Bupi njo wa kukaa." "Njo" kwao Bukavu ni "ndiye", na huyo Bupi ni bupivakaini, tuliyekuwa naye siku zote. "Anakaa vizuri, lakini ukimukaribisha mingi analala mu miguu ya mama. Mama hasikii uchungu, lakini hawezi tena kusukuma. Na akipotea njia akaingia mu mushipa, anakwenda kupiganisha moyo. Huyo mimi namuheshimu kwa kuwa namuogopa."

"Na ropi?"

Hapo macho yake yalilainika. Ropivakaini ilikuwa ghali, haikufika kwetu. "Ropi banasema iko na adabu. Anaondoa maumivu na anaacha miguu, na moyo hausumbui sana. Lakini ni banasema. Mimi sijamuona."

Siku moja ropi akaja. Shehena ndogo, kwa njia ambazo sikuziuliza. Daktari wa Ganzi alifurahi mpaka akaimba, na sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya kiasi kwamba kwaya ya kanisani kwake ilikuwa imempa kazi ya kupanga viti. Aliomba ruhusa kwa wakubwa amlinganishe na bupi, akaipata. Akina mama tuliwaeleza, waliokubali wakaingia: huyu apate bupi, yule apate ropi, zote zimezimuliwa sana, na sisi tuulize kila baada ya muda mambo mawili. Inua mguu. Na maumivu ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi?

Swali niliachiwa mimi, kwa sababu ya kile Kinyarwanda chake.

Sasa lazima nilieleze benchi. Nje ya chumba chetu cha kujifungulia, ukutani, palikuwa na benchi refu la mbao, na juu yake walikaa mama wakwe. Kati yao na sisi palikuwa na pazia na mlango usiofunga vizuri. Huku kwetu mwanamke anayejifungua hapigi kelele. Hajakatazwa na sheria yoyote, ila anajua kwamba kelele zake zitatangulia nyumbani kabla ya mtoto, na zitasimuliwa kila harusi. Mama mkwe anakaa pale na chupa ya uji mapajani, kimya, akisikiliza. Nami nilijifungua wanangu mbele ya benchi kama hilo, nikauma kanga, nikasifiwa. Ile sifa ilikuwa tamu. Naikumbuka kuliko uchungu wenyewe.

Kwa hiyo na mimi nilisifu. Ndivyo tulivyofundishwa na wakunga waliotutangulia, na ndivyo nilivyoona ni upendo. Niliingia, nikampapasa mama bega nikisema, "Komera, maman, kaza moyo. Umejikaza! Uko mwanamke kweli." Halafu ndipo nikauliza, "Maumivu ngapi?"

"Mbili," walisema.

Wa bupi walisema mbili. Wa ropi walisema mbili. Mmoja alisema moja, mama mkwe wake akakohoa kwa fahari nyuma ya pazia. Daktari wa Ganzi aliyapokea majibu hayo akiwa na furaha ya mtoto. Zote mbili zinafaa, alisema, tena zimezimuliwa hivi, wala hakuna haja ya kuongeza. Akapunguza kidogo tena. Walizidi kusema mbili.

Kisha akaja binti wa Bugarama. Mimba ya kwanza, mikono migumu ya mpunga, mama mkwe mnene mcheshi aliyejaza robo ya benchi peke yake. Ilikuwa zamu ya ropi. Sindano iliingia vizuri, ganzi ikamshika, akainua miguu yote miwili, akatabasamu. Asubuhi nzima nilikuwa naye. Kila mara dawa ilipoongezwa kwenye ule mrija nilimsifu, nikamuuliza, akasema mbili. Nilimwona akishika ukingo wa kitanda mpaka kucha zikawa nyeupe. Niliona, na nikamsifu zaidi. Nilimwambia sijapata kuona shujaa kama yeye mwaka ule wote.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mwenye hasira. Daktari wa Ganzi akamgeuza mama ubavu ili autoe mrija, na mkono wake ukasimama hewani. Mrija haukuwa mgongoni. Ulikuwa umechomoka zamani na kulala chini ya shuka, na shuka lilikuwa limelowa kwa dawa. Baada ya ile dozi ya kwanza hakuna iliyomfikia. Ropi yetu ya thamani ilikuwa imeingia kwenye godoro, nasi tukiuliza na kufurahia majibu.

"Maman," Daktari alisema polepole, "ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia yote, docteur. Nilifikiri njo dawa ilivyo."

"Na ju ya nini ulisema mbili?"

Binti alitazama pazia. "Mama-mukwe iko pale." Halafu akanitazama mimi, tena kwa shukrani, jambo ambalo sijui nilibebe wapi mpaka leo. "Na huyu maman alikuwa ananifurahia."

Nilitaka Daktari anitukane kwa Kimashi. Hakunitukana. Alishuka kwenye kigoda, akakaa juu yake. Baadaye, tukiwa wawili, alisema, "Ukimusifu mbele ya kumuuliza, umenifungia mulango. Sifa yako nayo ni ganzi, lakini inapooza mulomo tu." Kisha akaongeza, "Wala si wewe peke yako. Mimi nilipenda ile mbili. Nimepima adabu, sikupima maumivu."

Majibu yote tuliyokusanya aliyatupa. Aliwaambia wakubwa hivyo hivyo kwenye mkutano, amesimama, kwamba kazi yake ya miezi haina maana, na kwamba kuna wanawake aliowapunguzia dawa huku wakiumia. Kuna waliosema aibu kama hiyo mtu angeimeza kimya kimya.

Juma lililofuata alinichukua tukashuka Bugarama kumwomba binti msamaha. Joto la kule chini linakukamata shingo ukifungua tu mlango wa gari. Tuliwakuta uani karibu na kinu, na kabla hatujasema lolote mama mkwe alikuwa ameshawaita majirani. "Njo hawa!" alisema. "Bawaambie nyie! Mukwe wangu hakutoa hata sauti. Hii sindano ya hospitali ni ya banamuke balegevu." Majirani walipiga vigelegele. Binti alikuwa anatazama miguu yake, na sikuona kama anasikitika au anajivuna, nadhani alikuwa anafanya yote mawili. Daktari wa Ganzi angesema nini? Akisema ukweli, anamvua binti heshima pekee aliyoipata asubuhi ile ya kujifungua. Tulikula wali, tukapewa mchele wa kubeba, tukaondoka bila kuomba msamaha. Njiani alilia kidogo, akisingizia vumbi, na barabara ile ina lami.

Hapo ndipo alipobuni mambo ya mkono. Aliporudia kulinganisha dawa zake, hakutaka tena nitangulie na lolote. Aliingiza mkono wake chini ya kitenge cha mama, mahali ambapo hata nzi wa benchi asingeona, akasema kwa sauti ndogo, "Na mulomo sema mbili kama unataka. Lakini hapa niambie kweli. Finya mara ngapi inauma." Mama anasema "mbili" kwa sauti nzuri ya kusikika nje, na mkono unafinya sita, unafinya saba. Mama mkwe anaridhika na ujasiri, mama anaongezewa dawa.

Na unajua alichogundua, baada ya kumsubiri ropi miaka yote ile? Zikizimuliwa vizuri, hazikupitana sana. Ropi aliiacha miguu kidogo zaidi pale uchungu uliporefuka, bupi akashika kidogo zaidi kwa kiasi kilekile. Kilichotenganisha mama aliyepumzika na mama aliyeteseka hakikuwa jina la kichupa, kilikuwa kama ameulizwa na akaaminiwa. Ropi alipokwisha hakumlilia. "Tuendelee," alisema, akashika bupi yake kiganjani aipashe joto.

Mimi nilijitahidi. Naandika hili nikijua nilijitahidi na kwamba haikutosha. Ile "komera, umejikaza" ilikuwa imekaa mdomoni kama meno. Niliizuia mbele yake, akitoka ikatoka. Alinisikia mara nyingi kupitia lile pazia. Aliingia tu, akanitazama, akaweka mkono chini ya kitenge, akaanza upya. Amestaafu, na sasa mimi ndiye ninayefundisha wakunga wachanga. Nawaambia wasisifu kwanza. Nikimaliza somo nawapita wodini na kujisikia mwenyewe nikisifu.

Miezi michache iliyopita aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake kule Cyangugu, akavunjika nyonga. Akaletwa kwetu. Niliposikia niliacha chai yangu ikipoa, nikaenda mbio mpaka wodi ya wanawake. Alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomzoea, kigoda chake kimeletwa na mtu na kuwekwa pembeni. Uso ulikuwa umetulia kabisa. Nje, kwenye benchi la wodi ile, walikaa watu wa kanisani kwake na majirani, wakinong'ona jinsi alivyobebwa ngazi zote zile bila kutoa sauti.

Nilimshika bega. Machozi yalinijia, na mdomo ukafanya ulichozoea. "Maman Docteur! Komera. Nimesikia umejikaza. Uko mwanamke kweli."

Aligeuza uso kuelekea mlangoni, kwenye lile benchi.

Akaingia daktari kijana wa usingizi, ambaye Maman Docteur mwenyewe alimfundisha. Alikuwa na haraka, vyumba viwili vinamsubiri. Akainama kwa adabu. "Maman Docteur, maumivu ngapi?"

"Mbili," akasema.

Kijana akafurahi. Akasema basi dawa ya nyonga inaweza kungoja mpaka amalize huko kwingine, akatoka.

Nilibaki nimesimama. Sijui ni nini kilinifanya nivute kigoda chake nikikalie, kitu ambacho hakuna aliyethubutu, na kuingiza mkono wangu chini ya kitenge alichofunikwa. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa jasho. Safari hii sikumsifu. Akafinya. Akafinya tena. Nilihesabu, na kila nilipodhani amefika alifinya tena, mpaka nane, na ile ya nane hakuiachia.

"Maman," nilisema, "ju ya nini umemwambia mbili? Wewe? Wewe ambaye..."

Alifumba macho. "Uliingia unanisifu," akasema. "Ningesema ngapi tena?"

Niliinuka. Nilikwenda mpaka mlangoni nikaushika, na pale nikakwama, maana wote wa benchi walikuwa wamenigeukia wakisubiri habari za ushujaa, na mimi kwa aibu sikupata hata neno la kumwitia kijana aliyekuwa anaishia kwenye kona ya korido. Ndipo nyuma yangu nikasikia ile sauti mbaya iliyofukuzwa kwaya, imepanda juu kama anavyoita mtu wa ng'ambo ya mto.

"Nane! Docteur, rudi! Ni nane, na inanishinda!"

Kijana akageuka mbio. Mama mmoja mzee wa kanisani akasonya, akavuta kitenge chake magotini. Nikamwambia asogeze miguu, daktari apite.